Mkoba Uliofika Salale

Nilikuwa nimevaa sweta juani.

Saa tatu asubuhi, hapa Bungu, mwezi wa kumi na mbili, jua limeshaanza kuzipasha moto korosho tulizoanika uwanjani, na mimi nimesimama pembeni yake na sweta zito la rangi ya damu ya mzee, mtumba wa gulio la Kibiti. Shangazi Shamsia alikuwa ananizunguka, anavuta mkono, anashusha kiuno, kama fundi aliyeletewa kitambaa kibovu.

"Geuka. Geuka tena. Mikono mirefu, lakini si kitu, utakunja."

"Shangazi, natoka jasho."

"Litoke. Huko unakokwenda utalitamani." Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. "Lakini mie bado sijaamini. Jangwa gani lenye baridi? Tangu nizaliwe nasikia jangwa, jua, ngamia. Leo huyo Dokta wako anasema meno yanagongana."

"Usiku, shangazi. Mchana jua lipo."

"Basi ni kama mume wangu wa kwanza."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku zile nilikuwa nacheka kwa vitu vidogo. Zilibaki siku kumi na moja tu niende Misri. Paspoti ilikuwa imetoka, ipo ndani ya Kurani kabatini, mahali ambapo baba alisema mwizi hathubutu. Chanjo ya homa ya manjano nilishachomwa, mkono ukavimba ukanywea. Begi lilikuwa wazi kitandani, kila apitaye anaweka kitu: unga wa muhogo, pilipili ya kukausha, dawa ya tumbo, kanga ya kujifunikia kwenye ndege.

"Na huko," shangazi akaendelea, "ukiwa unapepeta huo mchanga, ikikutokea shanga ya dhahabu, ya Firauni mwenyewe, utafanya nini?"

"Nitamwita mkubwa wa kazi."

"Hutaitia hata mdomoni?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu."

"Shamsia, usimfundishe mtoto wizi!" Sauti ya baba ilitoka juu. Baba yangu, Mzee Kibwana, alikuwa amepanda juu ya nyumba na nyundo, anaezua makuti apige bati. Harusi yangu ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga, na yeye aliapa wakwe hawataingia ndani ya nyumba inayovuja.

Na mimi nilikuwa mchumba wa mtu. Nilikuwa na safari na nilikuwa na Sufiani, na asubuhi ile niliona vyote viwili vimekaa vizuri kifuani kwangu, havisukumani.

Nieleze kwanza safari ilivyokuja, maana hata mimi mwenyewe nikiisimulia naona kama ya mtu mwingine. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Dokta Haruni alipokuja na wanafunzi wake wa chuo kikuu kuchimba kule Mahege, wakitafuta walipoishi watu wa kale, mimi nilichukuliwa kupika. Saa nne napeleka uji, nakaa chini nangoja vikombe, natazama. Nina tabia hiyo tangu utoto, natazama watu wakifanya kazi mpaka naijua. Niliona wanachekecha udongo kwa wavu wa waya, kinachobaki juu wanakichambua, kinachopita chini wanakimwaga. Siku moja nikachukua ungo wangu, nikazoa ule uliomwagwa, nikaupepeta kama mwanamke yeyote wa Rufiji anavyopepeta mchele wenye mchanga. Unatikisa, unarusha kidogo, unapokea, unauacha upepo ufanye kazi yake. Chepesi kinakwenda mbele, kizito kinarudi kwako. Kwenye kona ya ungo zikabaki shanga tatu za buluu, ndogo kama punje za ulezi.

Dokta alikaa chini kama aliyepewa habari ya msiba. Tangu siku ile uji alipika mwingine.

Miezi mingi baadaye alirudi na barua. Wenzake wa Misri walikuwa wanaondoa mchanga kwenye makaburi ya kale sana, na mikufu ya wale maiti uzi wake ulishaoza, shanga zimetawanyika mchangani. Kuosha kwa maji hawaruhusu, na chekecheke zao zinazipoteza. Dokta aliwaambia yupo binti mmoja Bungu. Siku sitini, pamoja na wanafunzi wake wawili wa kike. Niende na ungo wangu.

Sufiani nilimwambia kwa simu. Yeye ni mvuvi wa kamba, kwao Salale, ndani kabisa kwenye mikoko, ambako simu inashika ukisimama mahali pamoja tu nyuma ya msikiti.  Akasema, "Nenda. Nitakungoja. Mama nitamwambia mwenyewe." Kesho yake akaenda dago, kambi ya wavuvi kule mto unapomwagika baharini. Huko simu ni ya kutazamia saa tu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua nilipokuwa nimesimama na sweta langu.

Bodaboda mbili zikakata kona kwa kasi, zikaingia uwanjani mpaka kuku wakaruka. Ya kwanza ilimbeba Sufiani. Ya pili ilimbeba mama yake, Bi Tabu, amekaa upande, kanga imefunikwa vumbi lote la barabara ya Nyamisati.

Moyo ulinipiga kwa furaha kwanza. Ndivyo ulivyo, ukimwona huangalii saa wala sababu. Halafu nikamtazama vizuri. Matope ya mikoko yalikuwa yamemkauka mpaka magotini. Shati alilovaa ni lile la kazini. Macho mekundu. Sufiani huwa haji kwetu bila kuoga na kujipaka mafuta ya nazi mpaka shingoni.

Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye sweta, akabaki hapo kwenye sweta.

"Kumbe kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Umeshavaa na nguo za huko."

"Najaribu tu. Sufiani, mbona umekuja hivi, kuna nini?"

"Usiniulize kuna nini, Warda! Kama hunitaki si ungeniambia kwa mdomo wako? Mdomo unao. Sikuzaliwa jana, ningesikia, ningeumia, ningepona. Lakini unifanyie vile? Mimi?"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hata kwenye mashine ya boti hupaza mkono, si sauti.

"Nimekufanyia nini?"

"Mama, mwonyeshe."

Bi Tabu hakumwonyesha mtu kitu. Alikuwa ameshuka, amesimama na mkoba wa ukindu kifuani, ameushika kwa mikono miwili. Mkoba wangu. Niliusuka mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na doti mbili za kanga na pete, kishika uchumba alichonivisha yeye mwenyewe kwa mkono wake baada ya Idi.

"Jamani," shangazi akaingia kati, "hata salamu? Watu wazima huanza na salamu. Bi Tabu, karibu mkeka. Warda, lete maji."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Hakunitazama.

Baba alikuwa ameshateremka ngazi, nyundo bado mkononi, makuti yamemjaa kichwani. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mzee Kibwana," Bi Tabu akasema. Alikaa mkekani, akauweka mkoba mapajani. "Sie hatukuja kwa ubaya. Tumekuja kuuliza. Tulipoleta posa hapa tulikuja watu kumi na wawili, na mshenga wetu Mzee Mwinjuma katangulia na kanzu yake. Tulikuja kwa heshima. Leo posa yetu imerudishwa na muuza ng'onda."

"Imerudishwa?" Baba alinigeukia. "Warda?"

 Nilielewa yote kwa pamoja.

"Mama," nikasema, nikapiga magoti pale kwenye mkeka na jasho langu na sweta langu, "sikurudisha. Nilituma uniwekee."

"Nikuwekee?"

"Amana. Nyumba inaezuliwa, ndugu wanalala humu, wanaingia wanatoka, kabati halina kufuli. Nikasema pete yangu na kanga zangu siziachi hapa siku sitini. Bibi yangu aliposafiri kwenda kuzaa kwao, dhahabu yake alimwachia mama mkwe. Baba anajua. Nikasema na mimi yangu nimwachie mama wa mume wangu. Nikampa Bushiri, maana Jumatatu alikuwa anarudi huko kununua samaki wa ng'onda. Nikamwambia, mwambie mama aniwekee mpaka nirudi. Nilimwambia mara mbili, mama. Wallahi mara mbili."

Bi Tabu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Bushiri hakuzima hata mashine. Maji yalikuwa yanapwa, anaogopa kukwama. Alinipa mkoba pale dikoni, boti zinapofikia, akasema 'umetoka kwa Warda,' akasukuma boti akaenda zake."

"Bushiri!" shangazi akasema, kama anayetaja ugonjwa.

"Na mkoba umeshonwa mdomo."

"Nilishona usifunguke njiani."

"Kwetu Salale, mwanangu, vitu vya posa vikirudi vimeshonwa mdomo, maana yake maneno yamekwisha, hata mshenga asije. Nilikaa nao mlangoni tangu adhuhuri mpaka magharibi, naogopa kukata uzi. Nilipoukata nikaiona pete." Akaufunika mdomo wa mkoba kwa kiganja. "Nikatuma mtu akamtoe huyu dago."

"Nimeacha nyavu majini," Sufiani akasema. Sauti yote ilikuwa imemwishia. Alichuchumaa pale alipokuwa, akajifunika uso kwa mikono. "Siku mbili sijala."

"Hujala?" shangazi akashtuka. "Siku mbili? Basi hapo ndipo msiba ulipo, hapa kwingine kote mmetusumbua tu."

Baba alianza yeye. Kicheko cha baba kinaanzia tumboni, makuti yakawa yanamdondoka kichwani. Shangazi akafuata, na Sufiani nyuma ya mikono yake nikaona mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka, mpaka akanitazama kati ya vidole. Alikuwa anafanya vyote. Nami nikamtazama. Kama pasingekuwa na wazazi ningekwenda kumpangusa yale matope kwa sweta langu.

"Nawe," nikamwambia, "ulisema mama utamwambia mwenyewe."

"Nilitaka nimwambie."

"Lini?"

"Nikirudi dago."

"Nikishakwenda?"

Akakwangua matope gotini. Shangazi akasema, "Mwanaume."

Lakini Bi Tabu hakucheka. Nilimwona. Alingoja tumalize, kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akasema polepole:

"Haya. Mkoba nimeuelewa. Misri, aliyonitajia huyu njiani, sijaielewa."

Akauvuta mkoba karibu na tumbo, akaendelea:

"Mwanamke ameshaposwa, anakwenda miezi miwili nchi ya watu. Kwa Firauni. Mwislamu akipata nafasi ya kwenda pande zile si aende Makka?"

"Firauni alishakufa, Bi Tabu," shangazi akasema.

"Kufa kafa, si ndiyo wanamfukua!"

Baba aliketi, akaweka nyundo chini. "Mama Sufiani, ni kazi. Anakwenda na mabinti wawili wa chuo, Dokta nimemwona, nimekaa naye, nimeona barua. Mimi babake nimeridhia."

"Wewe ni babake, umeridhia. Mie mkwewe sijaulizwa." Akavuta pumzi. "Nami nasema mbele ya wote, asije mtu akasema nilinong'ona. Posa ama safari. Achague."

Sufiani akasimama. "Mama!"

"Nimesema."

Nilijua neno likishatoka hivyo mbele ya watu, kulirudisha ni kazi. Nikitaja Misri, nimempoteza Sufiani. Nikitaja Sufiani, Misri inakwenda bila mimi, na Dokta hatakuja Bungu mara ya pili kutafuta mwanamke wa darasa la saba. Baba alinitazama mimi. Shangazi alimtazama baba. Mimi nikamtazama Bi Tabu.

Nilitazama mikono yake. Mtu aliyekuja kuvunja angeuweka ule mkoba miguuni kwa baba, hata bila kusema. Yeye tangu afike hajauweka chini. Maji nilimletea, akanywa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkoba. Kidole gumba kilikuwa kinasugua ukindu, kinakwenda kinarudi, kinakwenda kinarudi, kama anambembeleza mtoto alale.

"Mama," nikasema kwa upole, "nani alikwambia miezi miwili, asirudi?"

"Warda, acha," Sufiani akasema haraka.

Kidole cha Bi Tabu kikasimama juu ya ukindu. Halafu akasema, "Saidy."

Nilimjua kwa jina tu, kaka yake Sufiani, mkubwa. Nilijua yuko mbali. Watu wakimtaja pale kwao hupita juu juu.

"Alikwenda Ngazija na jahazi la mbao," Bi Tabu akasema. "Akaniambia, mama, miezi miwili tu. Mwaka wa saba huu. Mzima, ana mke, ana watoto watatu siwajui sura. Anapiga simu sikukuu. Mama hujambo? Sijambo. Mwambie mtu aliye mbali nini tena?" Akaitazama pete kupitia mdomo wa mkoba uliokatwa uzi. "Nikasema basi, Mungu kanichukulia mmoja kanipa mwingine, mtoto wa kike ambaye sikumzaa. Ndipo na yeye ananiambia miezi miwili."

Shangazi alijifuta jicho kwa ncha ya kanga.  Nilimshika mkono ule wa kidole gumba, naye akaniacha niushike.

"Basi tufanye hivi," akasema, sauti imelainika. "Ndoa ifungwe. Ijumaa hii. Shehe yupo, mashahidi wapo, sherehe itangoja mavuno kama ilivyopangwa. Aende akiwa mke wa mtu. Mchumba ni mgeni, akipendezwa na mahali anahamia. Mke hurudi."

Baba alitikisa kichwa kukubali. "Si neno baya."

"Ni neno zuri," shangazi akasema. "Na paspoti haiharibiki, ina jina la babake, ndoa haiigusi."

Wote walikuwa wanakubali. Nilihisi mzigo unanishuka mabegani, nikamgeukia Sufiani nione furaha yake.

"Hapana," Sufiani akasema.

"Hapana nini?" mama yake akauliza.

"Simuoi Ijumaa." Akageuka, akaondoka, akaenda mpaka kule mwisho wa uwanja kwenye korosho.

Sijui kama umewahi kuvuliwa nguo mbele ya watu. Nilibaki nimepiga magoti, masikio yanawaka. Kisha nikasimama, nikamfuata. Baba alitaka kunizuia, nikasikia shangazi anamwambia, "Mwache, kaka. Yale ni ya kwao."

Alikuwa ameinama, anazigeuza korosho moja moja, ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

"Umenikataa mbele ya baba yangu," nikasema.

"Sijakukataa."

"Watu wazima watatu wamesikia. Umesema hapana."

"Nimemwambia mama hapana."

"Aliyekuwa anaozwa ni mimi."

Akainuka. Usoni mlikuwa na chumvi iliyokauka, na njia mbili safi zilizopitwa na machozi. Sikuwahi kumwona mbaya namna ile, na sikuwahi kumpenda namna ile.

"Warda, unajua kamba tunavyowapata? Tunatega wavu maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa wanataka kutoka, hawana pa kutokea. Hatujawaita. Hawajatupenda. Wamezibiwa tu njia." Akajipangusa uso kwa mgongo wa mkono, akaongeza matope. "Mie sitaki kukupata hivyo. Nikikuoa Ijumaa kwa kuwa mama anaogopa, ukirudi nitakuwa nalala pembeni yako najiuliza, huyu karudi ananitaka, ama karudi kwa kuwa ana ndoa? Nenda ulivyo. Katazame dunia. Ukirudi ukinitaka, njia ya Salale unaijua."

"Na nisipokutaka?"

Akaokota korosho moja, akairudisha palepale.

"Utaniambia mwenyewe. Usimtume Bushiri."

Nilicheka, na katikati ya kucheka nikaona macho yananitoka machozi. Naye akatabasamu kidogo, upande mmoja, kama anavyofanya akiwa hajui kama ameruhusiwa.

"Na huo mto wao," akaniuliza, anatazama pembeni, "mkubwa kuliko wetu?"

"Dokta anasema ndio mrefu kuliko yote."

"Mrefu sijauliza. Nauliza mkubwa."

"Nitautazama nikuambie."

"Una mamba?"

"Juu huko, wamo."

"Viboko?"

"Zamani walikuwamo. Wamekwisha."

"Aa." Akaridhika kabisa. "Basi bado kwa Rufiji."

Nikamtazama huyu mtu. Alitoka dago bila kuoga, akaacha nyavu zake majini, akavuka maji na vumbi kuja kuniomba nisimwache. Halafu alipopewa kamba ya kunifunga, na wazee wote wakamshikia ncha, akaitupa. Wanaume wengi wanasema nenda kwa simu. Huyu alikuwa amesema nenda huku analia.

"Simama hapa," nikamwambia.

"Unakwenda wapi?"

Nilirudi kwenye mkeka. Wote watatu walikuwa wanajifanya wanazungumza habari za bati. Nilikunja mikono ya sweta, nikakaa mbele ya baba.

"Baba, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Safari naenda. Nimeshatoa neno langu, na nataka kwenda."

Bi Tabu alishusha macho.

"Na ndoa nataka ifungwe Ijumaa."

 Nyuma yangu nilisikia miguu inakuja mbio. "Warda," Sufiani akasema, "si nimekwambia huna haja ya—"

"Sina haja," nikamjibu. "Nataka. Hajanilazimisha mama, hujanilazimisha wewe. Nikiwa kule, wenzangu wakiniuliza Bungu umemwacha nani, nataka niseme mume wangu. Sasa nawe uliyesema mtu aseme kwa mdomo wake, mdomo unao. Unanitaka Ijumaa ama hunitaki?"

Alitazama baba yangu, akatazama nyundo iliyokuwa pale chini, akanitazama mimi.

"Nakutaka," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye tulisahau kabisa kwamba wanangoja nauli, akapiga honi.

Baba alikohoa, akajifanya anapangusa makuti begani. Shangazi alishaanza kuhesabu kwa vidole nani wa kuitwa na nani akisahauliwa atanuna.

Bi Tabu ndiye aliyesimama kwanza. Alijifunga kanga yake upya kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kwenda jikoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona meno yake.

"Mzee Kibwana," akasema, "umesikia kwa masikio yako. Mara hii aliyeposa si sie."